Habari za Maisha ya Daktari Ludwig Guttmann, Mganga wa Askari Waliopooza

Katika kijitabu hiki cha jubilei mmekwisha kusoma habari za wazee waliotutangulia, waliojenga makanisa na shule na zahanati zetu. Tumeona yafaa kuongeza humu habari za mtu mmoja ambaye hakuwa wa nchi yetu wala wa dini yetu, walakini kazi aliyoifanya imewafikia watu wa mataifa mengi, hata na sisi. Jina lake ni Ludwig Guttmann, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, ambaye watawala wa nchi yake walimkataa, naye akawa mganga wa askari wa Uingereza.

Twaeleza kwanza kwa nini tumemchagua yeye. Parokia zetu haziko bila nyumba ambamo mtu amelala ndani mwaka baada ya mwaka, miguu yake haina nguvu. Mmoja alianguka mnazini, mwingine alipinduka na gari, mwingine aliangukiwa na kifusi machimboni. Watu wa nyumbani humlisha na kumfunika, na wageni wakija, mlango wa chumba chake hufungwa. Si kwamba wamchukia; la, wampenda, lakini mioyoni mwao wamekwisha kukata tamaa. Daktari Guttmann alishindana na kukata tamaa kwa namna hiyo maisha yake yote. Na mengi aliyoyafanya twaweza kuyafuata hata sisi, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa yake haikuwa dawa ya chupa.

Kijana aliyezungushiwa pazia

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, katika jimbo la Silesia, ambalo siku zile lilikuwa la Ujerumani. Siku hizi mji huo uko katika nchi ya Poland, nao huitwa Toszek. Angali mtoto, wazazi wake walihamia Königshütte, mji wa machimbo ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Huko alisoma shule, na huko mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, aliingia kuwa mtumishi wa kujitolea katika hospitali iliyowatibu wachimbaji walioumia kazini.

Siku moja akaletwa mchimba makaa, kijana mwenye mwili wa nguvu, aliyevunjika uti wa mgongo. Toka kiunoni hata nyayo hakuweza kusogeza kiungo wala kusikia mguso. Waganga wakaunyosha mgongo wake, wakamfunga plasta, wakamweka mbali na wenzake, kisha wakazungusha pazia kitandani pake ili wagonjwa wengine wasimwone. Guttmann akatwaa daftari aandike habari za ugonjwa wake, kama ilivyokuwa kazi yake. Akaambiwa asijisumbue, maana mtu huyo atakufa baada ya majuma machache. Kisha akaona jinsi homa ilivyompanda, na mkojo wake ulivyoharibika, na vidonda vikubwa vilivyotokea penye mifupa kwa sababu ya kulala pasipo kugeuzwa. Baada ya majuma matano kijana yule akafa.

Yafaa tueleze hapa jambo ambalo wengi hawalijui. Uti wa mgongo ukivunjika, na ugwe wa fahamu uliomo ndani yake ukakatika, hata leo waganga hawajapata dawa ya kuuunga. Lakini mara nyingi si kukatika huko kunakoua. Yanayoua ni mambo mawili yanayofuata: vidonda vya kulala, na uchafu wa kibofu unaopanda mpaka kwenye mafigo. Mtu mzima alalapo hujigeuza usiku bila kujua. Aliyepooza hasikii maumivu wala hawezi kujigeuza, kwa hiyo nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikafa, ikaoza. Na kibofu chake hakijui tena kujimwaga. Mkojo hukaa ndani, na vijidudu huzaana humo. Katika Vita Kuu ya Kwanza yapata wanne kwa kila askari watano walioumia hivyo walikufa kabla ya miaka mingi kupita. Waganga waliwapa dawa za kutuliza maumivu, kisha wakangoja mwisho. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na Guttmann hakumsahau kijana yule hata uzeeni mwake.

Usiku wa Novemba 1938

Baada ya shule alisoma uganga Breslau na Freiburg, akapata shahada yake mwaka 1924. Akafanya kazi Breslau chini ya Profesa Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakuu wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu katika Ulaya yote, hata akawa msaidizi wake wa kwanza. Ilionekana kwamba naye atakuwa profesa mkubwa katika nchi yake. Lakini mwaka 1933 chama cha Hitler kilishika serikali, na waganga Wayahudi wakaondolewa katika hospitali za umma. Guttmann akahamia hospitali ya Wayahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akafanywa mkubwa wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, katika miji yote ya Ujerumani masinagogi yalichomwa moto, maduka ya Wayahudi yakavunjwa, na wanaume kwa maelfu wakakamatwa kupelekwa katika kambi za mateso. Guttmann aliwaamuru watumishi wa hospitali kwamba kila mtu atakayefika mlangoni usiku ule alazwe, wala asiulizwe swali. Wakalazwa watu 64. Kulipokucha wakaja polisi wa siri, wakataka kujua imekuwaje wagonjwa wengi hivyo kuingia kwa usiku mmoja. Guttmann akawapitisha kitanda kwa kitanda, akawaeleza ugonjwa wa kila mmoja, na mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa alibuni. Katika wale 64, watu 60 waliokoka kukamatwa siku ile.

Twaliandika jambo hili si kwa kusifu hila, bali ili msomaji aone mtu huyu alikuwa wa namna gani. Kwake yeye mtu aliyelala kitandani, awe mgonjwa au mkimbizi, alikuwa amewekwa mikononi mwake, naye hakuwa tayari kumwachilia.

Baada ya hayo likatukia jambo la ajabu. Serikali ile ile iliyowanyang'anya Wayahudi pasipoti zao ilimpa yeye ruhusa ya safari, kwa kuwa Ribbentrop, waziri wa mambo ya nchi za nje, alitaka aende Ureno kumtibu rafiki wa Salazar, mtawala wa nchi ile. Alipokuwa akirudi alipita London, na huko chama kilichowasaidia wataalamu waliofukuzwa kazini kilikuwa kimekwisha kumtafutia ruhusa ya kuhamia Uingereza. Mwezi wa Machi 1939 akaingia Uingereza pamoja na mkewe Else na watoto wao wawili, wa kiume na wa kike. Alikuwa na umri wa miaka 39. Juzi alikuwa mkubwa wa hospitali. Leo alikuwa mkimbizi aishiye kwa posho katika mji wa Oxford, akichunguza mambo ya mishipa ya fahamu katika kazi za watu wengine.

Wodi ya Stoke Mandeville

Alikaa Oxford zaidi ya miaka minne. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza ilikuwa ikijitayarisha kuvusha majeshi yake kwenda Ufaransa, nayo ilijua kwamba askari wengi wataumia migongo. Ikaamua kufungua mahali pa kuwakusanya wote pamoja, katika hospitali ya Stoke Mandeville karibu na mji wa Aylesbury. Waganga wengi waliiona kazi hiyo kuwa ya kuwatunza watu wa kufa tu. Guttmann alipoulizwa alikubali, kwa sharti moja: aachiwe uhuru wa kuwatibu kwa njia aionayo yeye kuwa njema.

Mahali pale palifunguliwa tarehe 1 Februari 1944. Palikuwa na wodi yenye vitanda vichache, na mwanzoni mgonjwa alikuwa mmoja tu. Mwezi wa Juni majeshi yalishuka Ufaransa, na majeruhi wakaanza kuletwa. Wengi wao walifika wamefungwa plasta toka kifuani hata mapajani, na plasta ilipokatwa, chini yake zilionekana nyama zilizooza. Wengine walikuwa wamezoeshwa dawa za usingizi hata hawakujua mchana na usiku. Na wengi walikuwa wamekwisha kuambiwa, au wamekwisha kujiambia wenyewe, kwamba hawatatoka.

Guttmann aliziondoa plasta. Akapunguza dawa za usingizi, ijapokuwa wagonjwa walimnung'unikia. Kisha akaweka sheria moja, ambayo wote waliofanya kazi chini yake waliishika: kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, pasipo kukosa. Kazi hiyo si nyepesi. Mwanamume mzima asiyeweza kujisaidia hugeuzwa na watu kadhaa kwa pamoja, ili mgongo wake usipindike. Na kila ageuzwapo ngozi yake hutazamwa, na mito hupangwa upya chini ya miguu na mgongo ili mfupa usibane nyama. Wakimaliza kitanda cha mwisho, saa ya kuanza tena kitanda cha kwanza imekwisha kufika. Wauguzi walikuwa wachache kwa sababu ya vita, kwa hiyo jeshi likatoa watumishi wanaume kwa kazi hii. Mara nyingi Guttmann mwenyewe alitoka usiku kuja wodini, bila kutoa habari, ili kuona kama kweli watu wamegeuzwa.

Kwa habari ya kibofu, desturi iliyokuwapo ilikuwa kumtoboa mgonjwa tumboni na kumwekea mpira wa kutolea mkojo, ukae humo daima. Guttmann aliikataa. Alitaka mpira upitishwe kwa njia ya kawaida kwa saa zilizowekwa, kisha utolewe, na kila kitu kiwe safi kabisa, hata mkono usiguse mahali pa mpira panapoingia mwilini. Mwanzoni hakuruhusu mtu yeyote kufanya jambo hili ila waganga wenyewe. Pamoja na hayo zilikuwako dawa mpya za kuua vijidudu, kama penisilini, ambazo waganga wa vita ya kwanza hawakuwa nazo. Si haki kusema kwamba kila kitu kilitokana na Guttmann peke yake. Lakini penisilini haimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku.

Kazi ya watu wengi

Hapa twafika penye jambo kubwa la habari hii. Guttmann aliona kwamba kumzuia mtu asife ni nusu tu ya kazi. Askari aliyepona vidonda vyake, akabaki kitandani akitazama dari, amehamishwa tu kutoka pazia hadi pazia. Kwa hiyo alikusanya watu wa kazi mbalimbali wamzunguke mgonjwa mmoja: waganga, wauguzi, watumishi wa jeshi, walimu wa kunyosha na kutia nguvu viungo, mafundi wa kufundisha kazi za mikono, na watu wa kuulizia mambo ya nyumba na kazi huko mgonjwa atakakokwenda. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, naye alizijua sehemu zote, akadai habari za kila moja.

Mpango wa siku ulikuwa hivi. Mgonjwa hakuachwa kulala baada ya kuoga na kufunguliwa kinywa, bali alipelekwa kwenye mazoezi. Kwanza alifundishwa kuketi pasipo kuanguka, maana aliyepooza kiunoni hajui tena mwili wake uko wapi, naye hujitazama katika kioo mpaka ajifunze upya. Kisha alitia nguvu mabega na mikono, kwa kuwa sasa mikono itafanya kazi ya miguu: kujiinua kitandani, kuhamia katika kiti cha magurudumu, kukiendesha. Baada ya hayo alikwenda karakana ya hospitali. Huko walifundisha useremala, kutengeneza saa na kupiga taipu, na kazi nyingine za namna hiyo. Shabaha ya Guttmann aliitaja waziwazi, nayo iliwashangaza wengine kwa kuwa haikuwa na maneno matamu: alitaka kila mgonjwa atoke pale awe mtu wa kulipa kodi kama raia wengine.

Wagonjwa wengi hawakupenda. Walikuwa wametoka vitani, wamepoteza miguu yao, na sasa mgeni mwenye Kiingereza cha Kijerumani anawaamuru waamke. Wengine walimkasirikia wazi. Alikuwa mtu mwepesi wa hasira, mwenye sauti kubwa, asiyesikiliza udhuru. Aliwakemea wauguzi, akabishana na waganga wenzake na maofisa wa serikali. Hatuyafichi hayo, maana aandikaye maisha ya mtu bila kasoro zake huandika habari za mtu asiyekuwapo. Lakini wagonjwa wale wale, walipoona kwamba huja usiku kuwatazama, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemwacha, walimpa jina la utani lenye maana ya baba, nalo likamshika mpaka mwisho.

Upinde na mshale

Siku moja Guttmann aliwaona wagonjwa wake uani, wameketi katika viti vyao vya magurudumu, wakiupiga huku na huku kwa bakora kitu kidogo cha duara kama mpira. Hawakuamriwa na mtu, walikuwa wakicheza. Akasimama akawatazama. Baadaye yeye mwenyewe, pamoja na Hill, mwalimu wa mazoezi wa jeshi, akaketi katika kiti cha magurudumu akaujaribu mchezo ule. Akaona jinsi unavyohitaji nguvu za mikono na wepesi wa kugeuka, na jinsi unavyomsahaulisha mtu maradhi yake. Mchezo ule wa bakora uliachwa baadaye, maana watu waliumizana mno. Mahali pake wakaweka mpira wa kutupia kikapuni, vishale na upinde.

Upinde ulifaa kupita yote. Huutia nguvu mgongo na mabega, na mtu aliyeketi aweza kushindana na mtu aliyesimama pasipo kupewa upendeleo wowote. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, Guttmann alifanya mashindano ya upinde katika uwanja wa nyasi wa hospitali. Washindani walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, wa Stoke Mandeville na wa nyumba ya askari walemavu iliyoko Richmond. Wageni wa Richmond ndio walioshinda.

Mwaka uliofuata aliwaambia watu waliokusanyika kwamba siku moja michezo hii itakuwa kwa wenye ulemavu kama Olimpiki ilivyo kwa wengine. Wachache walimsadiki. Lakini mwaka 1952 askari wa zamani wa Uholanzi walivuka bahari kuja kushindana, na toka hapo michezo ikawa ya mataifa. Mwaka 1960 ilifanyika Roma, baada ya Olimpiki ya mji ule, nao washindani yapata 400 wa nchi 23 wakahudhuria. Nyumba walizopewa zilikuwa na ngazi, kwa hiyo askari wa Italia wakawabeba juu na chini pamoja na viti vyao. Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliwapokea Vatikano, akamlinganisha Guttmann na Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyefufua Olimpiki. Hiyo ndiyo Michezo inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Mwaka 1964 ilifanyika Tokyo, na mmoja wa walioitayarisha huko alikuwa Daktari Yutaka Nakamura, aliyekwenda Stoke Mandeville kujifunza.

Na sisi pia tuliingia. Wanamichezo wa Kenya na wa Uganda walishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972 huko Heidelberg, katika nchi ile ile ambayo Guttmann aliikimbia. Mwaka 1976 huko Toronto walikaribishwa pia waliokatwa viungo na wasioona, maana kabla ya hapo michezo ilikuwa ya waliopooza peke yao. Watanzania walishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1992 huko Barcelona.

Mwisho wake

Guttmann alikuwa raia wa Uingereza toka mwaka 1945, na mwaka 1966 Malkia alimpa cheo cha Sir. Mnamo mwaka huo aliacha uongozi wa wodi zake, lakini hakupumzika. Alikuwa amekwisha kuanzisha mwaka 1961 chama cha waganga wa mataifa wanaowatibu waliopooza, na mwaka 1973 alitoa kitabu kikubwa chenye mafundisho ya kazi yake yote. Mwaka 1969 kilifunguliwa karibu na hospitali kiwanja cha michezo cha wenye ulemavu, na baadaye kiwanja hicho kilipewa jina lake. Alifariki tarehe 18 Machi 1980, akiwa na umri wa miaka 80.

Waliotibiwa naye wengi waliishi miaka mingi. Walirudi makwao, wakafanya kazi, wakaoa na kuolewa. Hawakutembea tena, jambo hilo hakuwaahidi kamwe, wala hakuwadanganya. Alichowaahidi ni kwamba hawatazungushiwa pazia, na ahadi hiyo aliitimiza.

Neno kwa wasomaji wetu

Twajua kwamba hapa kwetu hakuna wodi ya namna ile katika kila wilaya, wala watumishi wa jeshi wa kutosha kumgeuza kila mgonjwa. Lakini nyumba ina watu. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili ni kazi ya mikono na ya saa. Mama peke yake haiwezi, bali jamaa na jumuiya wakigawana zamu, yawezekana. Kila ageuzwapo, ngozi itazamwe penye mifupa: visigino, nyonga, matako na mabega. Ikionekana wekundu au weusi usiopotea, mahali hapo pasilaliwe mpaka papone. Mambo ya kibofu yapasa kufundishwa na waganga, kwa hiyo mgonjwa apelekwe hospitali mapema, wala asifichwe mpaka homa impate. Na mtu akianguka, asibebwe kwa kushikwa mikono na miguu, mgongo ukining'inia, bali alazwe juu ya ubao au mlango, mwili wake umenyoka, ndipo achukuliwe.

Hayo ni ya mwili. Kuna na yale mengine. Walimu wetu twawaomba wakumbuke kwamba mtoto asiyeweza kutembea aweza kusoma, na kwamba mara nyingine kinachomzuia ni vidato vitatu vya mlango wa darasa, ambavyo fundi mmoja na mifuko michache ya saruji vyatosha kuviondoa. Wazee wa parokia twawaomba wanapohesabu watu wao wasiwaruke waliolala ndani, wala wasiwaendee kwa kuwaombea tu, bali wawaulize wajua kazi gani: kushona, kuandika, kutengeneza redio, kufundisha watoto. Kisha wawapatie kazi hiyo.

Kijana mchimba makaa wa Königshütte alikufa mwaka 1917, na jina lake hatulijui. Hakuna aliyeandika habari zake katika daftari ya hospitali, maana waliona haina faida. Kwa sababu yake yule mtumishi wa kujitolea alifanya kazi miaka sitini na zaidi. Basi msomaji, ukimaliza kusoma haya, kumbuka nyumba ile unayoijua wewe, yenye chumba kinachofungwa wageni wakija. Nenda ukabishe hodi.